Bwana Shamba Aliyefundisha Kompyuta kwa Matuta

Vijana wa ofisini kwangu Dar es Salaam wananiita mtaalamu, nami sijawahi kuwakatalia. Mwaka haupiti bila mimi kusimama mbele ya watu waliovaa beji shingoni, nikawaeleza kwamba mwandishi wa programu hatakiwi kufanya kazi kama kipofu. Anatakiwa aione programu inavyotembea, mstari kwa mstari, aweze kuigusa, kuisimamisha, hata kuirudisha nyuma. Watu hupiga makofi, wengine huandika. Mtu akiniuliza nimeyatoa wapi mawazo haya, hukohoa kidogo nikasema ni matokeo ya utafiti wa muda mrefu. Hapo sisemi uongo. Utafiti ulikuwepo, na ulichukua muda mrefu kweli. Ila haukuwa wangu.

Ulikuwa wa mzee mmoja wa Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, ambaye sote tulimwita Bwana Shamba hata baada ya serikali kumwandikia barua kwamba yeye si bwana shamba tena. Alipunguzwa kazini zama zile za ruksa, vyama vya ushirika vikifa kimoja kimoja na wanunuzi binafsi wa mahindi wakiingia na malori yao. Wenzake waliopunguzwa walifungua vioski au wakanunua mashine za kusaga. Yeye kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta. Ilikuwa kuukuu, ya kioo chenye maandishi ya kijani, ya ofisi moja iliyokuwa inafungwa, na mwenyewe hakuwa amewahi kugusa kompyuta maishani. Mkewe, mama wa Mbeya mwenye duka pale Katandala, aliniambia kwamba siku ilipofika nyumbani aliuliza swali moja tu: "Inasaga?"

Haikusaga. Lakini Bwana Shamba alikaa nayo kama mtu anavyokaa na ndama mgonjwa, akajifunza peke yake kwa kitabu kilichokosa jalada, na baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa anaandika programu. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo sisi tuliosomea hatukuwa tumeliona. Aliona kwamba programu haionekani. Unaandika maneno upande huu, jibu linatoka upande ule, na katikati hapo mtu hajui kilichotendeka. "Ni kama kupanda mbegu," alisema, "halafu wanakuonyesha gunia. Shamba liko wapi?"

Alichokitaka hakikuwa siri, kila mtu Izia alikijua. Alitaka kutengeneza chombo cha kumwonyesha mtu programu inavyofanya kazi, na chombo hicho kikubaliwe, ili makarani wa ofisi za mkoa mzima wajifunze kwacho. Siku hizo ofisi zilikuwa zinaletewa kompyuta na wafadhili, na makarani walikuwa wanazifunika kwa vitambaa vya kufuma na kuzipangusa vumbi kila asubuhi bila kuziwasha. Bwana Shamba ile hali ilimuuma roho kuliko wenye kompyuta wenyewe. Alisema ni sawa na kufunga ng'ombe wa kulimia zizini huku ukilima kwa jembe la mkono.

Hoja yake aliitoa kwenye kazi yake ya zamani. Miaka ishirini na ushee alikuwa ametembea Ufipa nzima akiwafundisha wakulima, na alichojifunza ni kwamba mkulima hafuati anachoambiwa, anafuata alichokiona kwa jirani. Ndiyo maana ya shamba la mfano. Unalima nusu kwa mbolea, nusu bila mbolea, kando ya njia ambapo watu wanapita kwenda kanisani, kisha unanyamaza. "Ukinyamaza, mahindi yataongea," alisema. Karani naye kwa maoni yake alikuwa mkulima aliyevaa viatu. Ukimweleza programu kwa maneno ataitikia ndiyo, ndiyo, halafu atarudi kazini na kuifunika kwa kitambaa.

Basi akafanya shamba la mfano la kompyuta. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na matuta kumi na mawili, na kila tuta lilikuwa ni mahali pamoja ambapo kompyuta inahifadhi namba yake. Kichwani mwa kila tuta palikuwa na kopo, na ndani ya kopo maharage, idadi ya maharage ikiwa ndiyo namba yenyewe. Programu ilikuwa imeandikwa kwenye kadi, amri moja kila kadi, zimetundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokuwa ya mama kuanikia. Mwanafunzi alikuwa ndiye kompyuta. Anasoma kadi, anakwenda kwenye tuta, anaongeza au anapunguza au anabadilisha makopo, anarudi kwenye kadi inayofuata. Hapaswi kufikiri. Anapaswa kutii na kuangalia.

Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo matuta ndiyo yalikuwa darasa la kila siku. Ukija, Bwana Shamba aliacha hata ugali mkononi akakimbilia ndani, kwa sababu alikuwa ameandika programu ya kuonyesha programu: matuta yaleyale yamechorwa kwenye kioo kwa alama za nyota, maharage ni nukta, na mstari unaotendeka unawaka. Ukibonyeza kidude kimoja inakwenda hatua moja. Ukibonyeza kingine inarudi hatua moja. Hiyo ya kurudi ndiyo aliyoipenda zaidi. "Ng'ombe wa plau hawarudi nyuma," alikuwa akisema, "lakini akili inarudi. Ipe nafasi irudi."

Mimi wakati huo nilikuwa na stashahada. Nalitaja jambo hili kwa sababu wakati huo nililitaja mimi mwenyewe, kila siku, kwa kila mtu, hata kwa muuza vitumbua. Nilikuwa nimetoka chuoni Dar na kuajiriwa na mradi mmoja wa kugawa mbegu bora, ndiye mtu pekee wa kompyuta katika jengo zima. Nilivaa tai kwenye ule upepo wa Sumbawanga, ikanipiga usoni njia nzima kutoka Katandala hadi ofisini. Nilikuwa na mkoba wa ngozi ambao watu waliamini umejaa nyaraka. Ulikuwa na viazi vitamu viwili na mwamvuli.

Bwana Shamba alinijia ofisini bila miadi, na koti lake zito la sufi alilolivaa Juni hadi Juni. Nilimwamkia shikamoo bila kuinuka, kosa ambalo marehemu bibi yangu angenichapa kwalo. Akaitikia marahaba, akakaa, akaniuliza: "Bwana mdogo, wewe ukiandika programu, unaionaje?"

Nikamweleza kwa Kiingereza na Kiswahili vilivyochanganyika, dakika kumi hivi. Akasubiri nimalize.

"Sikuuliza inafanyaje," akasema. "Nimeuliza unaionaje."

Nikamwambia mtaalamu hahitaji kuiona, anaijua kichwani. Akatoa daftari kubwa mfukoni mwa koti, akaandika jibu langu lote, akanishukuru na kuondoka. Nilijiona nimetoa mchango katika elimu. Baadaye niligundua kwamba daftari lile lilikuwa la watu walioshindwa kuelewa na sababu zao, na kwamba mimi nilikuwa na ukurasa wangu peke yangu.

Toka hapo nikawa mtu wa kwenda Izia Jumapili baada ya ibada. Nilijidanganya kwamba nakwenda kumsaidia mzee, mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe mwenyeji alikuwa mzima na mgonjwa ni mimi. Kwanza nilifuata chai ya mkewe. Ilikuwa na tangawizi, na kando yake hapakosi mahindi ya kukaanga.

Alikuwa na maneno yake machache na hakuyapunguza wala kuyaongeza. La kwanza ni "Unaona nini?" Alilisema mara nyingi hata wateja wa duka la mkewe wakawa wanamwita hivyo kwa siri. Hakuuliza umeelewa nini, wala unafikiri nini. Ukijibu "Nafikiri..." alikukatiza kwa mkono. "Sikuuliza habari za kichwani. Macho hayana pazia. Unaona nini?"

La pili lilikuwa adhabu. Mtu akibahatisha jibu bila kuangalia, anapalilia tuta moja. "Akili ya kubahatisha ina nguvu nyingi," alisema, "tuipe jembe." Ninaweza kusema bila kujisifu kwamba hakuna mwenye stashahada aliyepalilia matuta mengi Izia kama mimi. Mkewe alizoea kuchungulia dirishani akihesabu. "Leo mtaalamu kapalilia manne," ananiambia akiniletea maji ya kunawa. "Jumapili ijayo uje na ndala, mwanangu. Viatu hivyo utavimaliza."

Na alikuwa na vituko ambavyo havikulingana. Huyu mtu aliyewafundisha nusu ya mkoa kulima alikuwa na shamba baya kuliko yote pale Izia. Mahindi yake yalikuwa ya njano, yamedumaa, yamezungukwa na ya majirani marefu na ya kijani. Mganga hajigangi. Alipoulizwa alijibu kwamba hata hilo ni shamba la mfano, ni ile nusu isiyo na mbolea. Aliyependa kutuangalia tukikosea hakuvumilia kuangaliwa yeye. Ukisimama nyuma yake akiwa kwenye kompyuta vidole vilimkataa, akaanza kubonyeza ovyo, akaguna kwa Kifipa hadi uondoke. Na ingawa aliwaambia wanafunzi wake wasiamini neno la mtu bila kuona, neno la mtu mwenye cheti alilichukua kama lilivyo, halipimi wala haligeuzi. Hilo nililiona mapema. Sikulijali, kwa sababu lilikuwa linanipendeza.

Kulikuwa na kituko kingine ambacho miaka mingi kilinishinda kuelewa. Alikuwa anaharibu vitu vyake vizuri. Watu wakishaanza kufurahia jambo fulani kwenye chombo chake, yeye analiondoa. Makarani wanne wa ofisi moja walikuwa wanakuja Jumamosi, wanacheka, wanazunguka na makopo, na baada ya wiki tatu walikuwa wanaandika programu ndogo wenyewe. Msimu uliofuata akaondoa maharage, akaweka vipande vya karatasi vyenye namba. Wakaja wawili. Kisha akaacha kabisa matuta, kila kitu kikawa kwenye kioo. Kisha akafuta zile nyota na nukta, akaweka majedwali. Kisha maneno yote akayageuza Kiingereza, tena Kiingereza cha kwenye kamusi. Akaja mmoja, akakaa nusu saa, akasema ana mgonjwa nyumbani. Mimi nilikuwa nakuja bado. Kila badiliko aliniita niliangalie. "Je, sasa?" aliniuliza. "Sasa kinafanana na kitu cha watu wazima?" Nami nilijibu kwamba kinafanana, nikanywa chai, nikarudi kwangu nikiwaza jinsi uzee unavyoweza kumfanya mtu abomoe nyumba yake mwenyewe.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana nimekizunguka vya kutosha.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, kabla ya mvua, mradi ulitaka orodha ya vijiji kwa mpangilio wa lori la mbegu. Lori lilikuwa moja. Kijiji kinachopanda mapema kipelekewe mapema, kinachochelewa kipelekewe mwisho, na barabara zikishalowa hakuna tena habari ya lori. Nikaandika programu. Kila kijiji nikakipa namba ya mwezi wake wa kupanda, kompyuta ikapanga kutoka namba ndogo kwenda kubwa. Ilichukua dakika moja, na printa ikachapa kwa kelele ya kupendeza. Jumapili ile nikaibeba orodha na programu hadi Izia, nia yangu ikiwa ni kumwonyesha Bwana Shamba kazi ya mtu aliyesoma inavyokuwa. Lori lilikuwa liondoke Jumanne.

Hakuitazama orodha. "Weka kwenye matuta," alisema.

Nikaandika kadi, nikazitundika. Matuta sita yalikuwa vijiji sita vya mfano, nikahesabu maharage kwenye makopo: Msanzi wanapanda mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo maharage kumi na moja. Kijiji kimoja cha bondeni kule Rukwa wanapanda mwezi wa kwanza, kwa hiyo harage moja. Nikavua koti, nikakunja suruali, nikaanza kuwa kompyuta. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, nami niliinama. Linganisha kopo la tuta hili na la jirani yake, kama hili lina maharage mengi, badilisha. Nenda tuta linalofuata. Ukifika mwisho, anza tena.

Kwenye ua alikuwa ameegemea jirani, Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake, mtu mpole sana. Aliniangalia nikienda na kurudi mara tatu, tai ikiburuta kwenye udongo.

"Bwana Shamba," akasema, "huyu naye unamfundisha plau?"

"Anajifundisha mwenyewe."

"Ng'ombe wangu wakipita mara tatu kwenye tuta moja wanagoma."

"Ng'ombe wako hawana stashahada," akajibu Bwana Shamba, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Nilipomaliza nikajipangusa jasho. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona makopo yamepangwa sawasawa kuanzia dogo hadi kubwa. Akanionyesha magugu ya tuta la tano. Nikapalilia. Akaniuliza tena, nikajibu vilevile kwa maneno marefu zaidi, nikapalilia la sita. Wala hakuonekana kuudhika. "Rudi nyuma," akasema. "Hatua moja moja. Toa kopo hili, rudisha pale lilipotoka."

Nikarudi nyuma, kinyumenyume kwelikweli, hadi nikafika hatua ambayo nilibadilisha kopo la Msanzi na kopo la bondeni. Mkono wa kulia nilikuwa na maharage kumi na moja, wa kushoto harage moja. Lile moja likacheza ndani ya kopo. Nikasimama hapo.

Ufipa hata mtoto wa darasa la kwanza anajua mwaka wa shamba unaanza na mvua za Novemba. Januari ni katikati ya msimu, watu wa Msanzi wameshapalilia mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimefuata kalenda ya ukutani ofisini. Kompyuta yangu iliona moja ni ndogo kuliko kumi na moja, ikampeleka wa bondeni mbele na kuwatupa mkiani watu wa Msanzi na wenzao wote wa uwanda wa juu. Lori lingeanza kwa watu ambao hawajashika hata jembe, na wale waliokuwa wanangoja mvua ya kwanza lingewafikia matope yakiwa yamefunga njia. Msimu mzima ungekwenda, kijiji baada ya kijiji.

"Usiniambie," alisema Bwana Shamba. "Nenda kasahihishe." Akafungua daftari akaandika, na nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza. Kilichomfurahisha ni chombo. Kosa langu halikumhusu.

Jumatatu nikasahihisha, Novemba ikawa mwezi wa kwanza wa hesabu. Jumanne lori likaenda Msanzi. Mvua ilipoanza mbegu zilikuwa ardhini. Nikamweleza meneja, mtu mwema asiyejua kompyuta, kwamba orodha ya kwanza ilikuwa na hitilafu kubwa, nami nikaigundua kwa uchambuzi wa kina. Maneno ni yangu mwenyewe: uchambuzi wa kina. Akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Wiki iliyofuata akaniita. Mezani kwake palikuwa na barua ya Bwana Shamba, imepigwa taipu, ikiomba mradi ukichukue chombo chake ufundishie makarani wa mkoa. Alikuwa amesubiri hadi apate ushahidi kwamba kinafanya kazi, na katika barua nzima hakunitaja mimi wala kosa langu. Aliandika tu kwamba chombo kimejaribiwa na mtaalamu.

"Wewe ndiye mtu wetu wa kompyuta," alisema meneja. "Hiki kitu kikoje?"

Nilijua vizuri kikoje. Magoti yangu yalikuwa bado na udongo wake. Lakini nikaona mbele yangu ile siku ambayo kitakubaliwa, na mtu atauliza nani alikijaribu, na ule uchambuzi wa kina utageuka kuwa mimi nimeshika makopo mawili huku Msukuma akinicheka.

"Ni mchezo wa watoto, mzee," nikasema. "Mtu aliyesoma hahitaji maharage."

Meneja akaandika neno moja pembeni ya barua, akaisogeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai. Baada ya miaka miwili mradi ukanipeleka mafunzoni, na kutoka hapo nikapanda hadi hapa nilipo. Bwana Shamba aliniaga kwa kunipa mfuko wa maharage nipeleke mjini.

Nilirudi Sumbawanga baada ya miaka tisa, kwa harusi ya ndugu. Wiki ile nilikuwa nimetoka kwenye mkutano mkubwa ambapo nilionyesha chombo kipya cha kampuni yetu, kinachomwonyesha mwandishi programu yake ikitembea, nikashangiliwa. Ndani ya basi kutoka Mbeya nilitunga maneno ya kumwomba radhi. Nilitunga mazuri. Yalikuwa na utangulizi.

Nilimkuta barazani, amekonda ndani ya koti lake, saa nne ya asubuhi. Nikamwamkia nikiwa nimeinama ipasavyo safari hii. Mkewe akaleta chai. Kompyuta ilishakufa siku nyingi, na nyuma ya nyumba palikuwa pametawaliwa na nyasi. Nikamsimulia habari za mkutano, na jinsi watu wanavyolipa kuona kitu alichokifanya yeye zamani. Nilitegemea aumie au ajisifu. Aliuliza, "Kinarudi nyuma?"

"Kinarudi."

"Vizuri." Akanywa chai. "Nina swali moja la kitafiti. Limenikalia miaka yote hii. Nikuulize?"

Nikasema aulize.

"Ulimwambia meneja ni mchezo wa watoto."

Kikombe kilikuwa mdomoni, nikakishusha. Ule utangulizi wangu wote ukayeyuka.

"Aliniambia kesho yake," aliendelea, bila ukali wowote. "Sikukasirika. Nikasema huyu ni mtu aliyesoma, ana sababu. Ametembea mwenyewe, ameona kosa lake, amelisahihisha, kisha anasema hakifai. Basi kina upungufu ambao mimi siuoni. Nikautafuta. Ulisema watoto, nikatoa maharage. Nikatoa matuta. Nikatoa picha. Nikaweka Kiingereza. Kila nikimaliza nakuita wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeuona. Watu wakapungua mpaka wakaisha, nikajua bado sijaupata. Nikaacha. Sasa umekuwa mkubwa katika kazi hii. Niambie tu, ulikuwa upungufu gani?"

Sijawahi kuona aibu namna ile, na naamini sitaiona tena. Siku zote nilidhani nimemwibia sifa. Kumbe nilikuwa nimempa kazi.

"Hakikuwa na upungufu, Bwana Shamba," nikasema. "Nilikuwa nimemwambia meneja kwamba kosa nililiona peke yangu. Nikaogopa kuumbuka."

"Uliogopa."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Chombo kilikuwa kizima."

"Kilikuwa kizima tangu siku ile."

Aliweka kikombe chini. Kisha akaita ndani. "Mama! Njoo usikie. Anasema kilikuwa kizima."

Mkewe akasimama mlangoni, mikono ina unga. Alinitazama mimi kwanza, halafu mumewe.

"Mimi sikukwambia?" alisema. "Siku ulipotoa maharage sikukwambia? Sikukwambia uwaache watoto wa watu wacheze?"

"Uliniambia," Bwana Shamba akamjibu, "lakini wewe si mtaalamu."

Hakusema kwa kejeli, wala hakuwa ananisema mimi. Alikuwa anaeleza jinsi ilivyokuwa. Mama akarudi jikoni, na mimi nikabaki pale nimeshika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto na sikuwa na namna ya kuaga.